Anamimina maji asubuhi nzima: je, huko ni kusoma?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano na miezi minane. Tangu Januari yuko kwenye shule ndogo ya mtu binafsi hapa Morogoro: watoto thelathini na wanne tu, walimu wawili na msaidizi mmoja. Wanasema mtoto huchagua mwenyewe kazi ya kufanya. Kila nikimuuliza "leo umefanya nini?" ananijibu "nimemimina maji" au "nimejenga mnara". Haleti daftari, hana kazi ya nyumbani, sijaona hata vema moja ya wino mwekundu. Mtoto wa jirani, umri huohuo, yuko shule ya mchepuo wa Kiingereza, anaandika moja hadi mia na anaimba herufi zote. Mama mkwe wangu anasema tunalipa ada ili mtoto akacheze. Januari anatakiwa aingie darasa la kwanza. Nimhamishe sasa au nisubiri? (Mama wa mtoto mmoja, Morogoro)

JIBU: Marahaba, binti yangu. Usimhamishe wiki hii, wala usijifunge kwamba lazima amalizie hapo. Kwanza omba ruhusa ukakae ndani ya darasa hilo asubuhi moja nzima, tangu saa mbili mpaka saa tano. Ukishakaa, usimtazame sana mwanao. Mtazame mwalimu wake. Jibu la swali lako liko kwa mwalimu, na nitaeleza kwa nini.

Nianze na maji, maana ndiyo yanayokukera.

Kazi ya kumimina, ikipangwa sawasawa, hukaa kwenye trei: majagi mawili madogo yanayolingana, moja lina maji, na sponji ndogo pembeni. Mtoto anaitoa trei kwenye rafu kwa mikono miwili, anatembea nayo bila kumwaga, anaiweka mezani. Anashika mkono wa jagi, ananyanyua, anainamisha taratibu, anasubiri tone la mwisho, anarudisha. Likimwagika tone mezani analiona mwenyewe, hahitaji mtu mzima wa kumwambia "umekosea". Anachukua sponji, anafuta, anakamua, anairudisha trei mahali pake ili mwenzake aikute kama yeye alivyoikuta. Vidole vitatu vinavyobana mkono wa jagi ndivyo vitakavyobana penseli. Kifundo cha mkono kinachozuia maji yasishuke kwa kishindo ndicho kitakachoizungusha herufi a ndani ya mstari. Na kile kitu cha kuanza kazi, kuimaliza na kuirudisha, watoto wengi wa darasa la nne hawana, na walimu wao wanajua.

Kwa hiyo kumimina maji ni kazi, na ni kazi nzuri. Lakini ni kazi ya mtoto wa miaka mitatu, mitatu na nusu. Mwanao anakaribia sita. Kama baada ya miezi minane bado jibu lake ni maji na mnara, kuna mambo mawili yanayowezekana. La kwanza, ni mtoto wa kawaida: amefanya kazi tano leo, na anakutajia ile aliyoipenda au ile anayojua jina lake. La pili, hakuna mtu aliyemwonyesha kitu kingine. Hayo mawili yanatofautiana kama usiku na mchana, na kutoka kwenye barua siwezi kuyatenganisha. Mwalimu wake anaweza, kama anafanya kazi yake.

Njia hii ya kumwacha mtoto achague kazi ina waanzilishi wengi duniani, lakini kwa vifaa unavyovitaja, shule yenu inafuata au inadai kufuata njia ya Maria Montessori. Alikuwa daktari wa Italia, alihitimu udaktari Roma mwaka 1896, akaanza na watoto wenye ulemavu wa akili kabla ya kuwagusa wengine. Tarehe 6 Januari 1907 alifungua chumba cha watoto katika jengo la wapangaji maskini, mtaa wa San Lorenzo, Roma. Wazazi walikuwa wakishinda kwenye vibarua, watoto wakibaki kuzurura kwenye ngazi na kuchafua kuta. Wenye jengo walitaka tu mtu wa kuwashika wasiharibu.

Kuna siku moja ya chumba kile ambayo kila mwalimu wa njia hii anapaswa kuijua. Mwalimu alichelewa kufika, na kabati la vifaa lilikuwa limesahauliwa bila kufungwa. Alipoingia akakuta watoto wameshalifungua. Wengine walikuwa wamesimama wakitazama, wengine wakitoa vifaa, wengine wameshavipeleka mahali pa kufanyia kazi. Mwalimu akaona ni wizi, akataka kuwaadhibu. Montessori akaona kwamba watoto walishavijua vifaa vile kiasi cha kuweza kuchagua. Kabati lile likaacha kutumika, na badala yake yakaja makabati mafupi yasiyo na kufuli, ya kimo cha mtoto. Mpaka leo ukiingia darasa la namna hii, la Roma au la Lushoto, utakuta rafu zile fupi.

Ninachotaka ukishike katika kisa hicho ni neno moja: walishavijua. Mtu alikuwa ameshawaonyesha. Kuchagua kulikuja baada ya kuonyeshwa. Mtoto hawezi kuchagua kitu ambacho hajawahi kukiona kikifanyiwa kazi, kama vile wewe na mimi tusivyoweza kuagiza chakula ambacho hatujui kama kipo. Anayesema "mtoto anaongoza" halafu akakaa kitini asubuhi nzima amechukua nusu ya njia, ile nusu isiyomchosha.

Hili nililijua kwa gharama ya mtoto wa mtu. Nilikuwa mwaka wa pili kazini, nimeshika moyoni kwamba mtoto asisukumwe. Nilikuwa na binti wa miaka mitano, mpole, aliyependa kufua vitambaa vya darasa na kupangusa meza. Kila asubuhi anafua. Mimi naandika: "amechagua mwenyewe, ametulia, amemaliza". Nilijiona mwalimu hasa. Yule binti aliingia darasa la kwanza bila kujua herufi hata moja. Mwezi Machi mama yake, aliyekuwa akilipa ada kwa kuuza vitumbua, alikuja na daftari lililojaa wino mwekundu. Hakunilaumu. Aliliweka mezani kwangu, akakaa. Nililipitia kurasa zote huku machozi yananilenga, kwa sababu nilijua katika mwaka mzima sikuwahi hata mara moja kumwita binti yule, kumkalisha kando yangu mkekani na kumwambia: njoo nikuonyeshe kitu. Niliiachia rafu ifanye kazi yangu. Tulikaa naye jioni baada ya jioni, na ndani ya muhula mmoja akasoma. Akili alikuwa nayo siku zote. Aliyekosekana ni mimi.

Wanaopima mambo haya kwa takwimu nao wamefika hapohapo. Mwaka 2004 mwanasaikolojia wa Marekani, Richard Mayer, alipitia utafiti wa tangu miaka ya 1960 hadi ya 1980 juu ya watoto walioachwa wavumbue mambo wenyewe bila msaada. Kila muongo ulikuwa na jina lake jipya la wazo lilelile, na kila muongo majibu yalikuwa mamoja: mtoto aliyeachwa peke yake alijifunza kidogo kuliko aliyevumbua huku mtu mzima akimwongoza. Ukisikia watu wanasema "utafiti umeonyesha watoto wakiachwa huru hujifunza zaidi", waulize: wakiachwa na nani?

Kwa upande wa pili, njia ya Montessori ikifanywa kwa ukamilifu ina ushahidi ambao si wa kupuuza. Ulionishawishi zaidi ni wa mwanasaikolojia Angeline Lillard na wenzake, uliochapishwa mwaka 2017, wa watoto 141 wa mji wa Hartford, Marekani. Tatizo la kulinganisha shule siku zote ni kwamba wazazi wanaochagua shule fulani si sawa na wasioichagua. Pale Hartford, nafasi katika shule mbili za serikali zenye njia hii zilitolewa kwa kura, kwa sababu waombaji walikuwa wengi. Walioshinda kura wakalinganishwa na walioshindwa. Wakiwa na miaka mitatu walikuwa sawa. Baada ya miaka mitatu, walioshinda kura walikuwa mbele katika masomo, na tofauti kati ya watoto wa kipato cha chini na wa kipato cha juu ilikuwa imepungua kwao. Usiyabebe matokeo hayo yote uje nayo Morogoro: ni shule mbili tu, mji mmoja, walimu waliofundishwa vizuri. Tena mtafiti huyohuyo mwaka 2012 alikuwa ameonyesha kwamba madarasa yenye vifaa kamili vya Montessori yalifanya vizuri kuliko yale yaliyochanganya vifaa hivyo na mambo mengine. Kwa hiyo ukilipia jina usidhani umeshalipia na kazi.

Maana jina lenyewe halina mwenyewe. Huko Marekani, mwaka 1967, wanaoamua mashauri ya alama za biashara walitamka kwamba "Montessori" limekuwa neno la kawaida, hakuna wa kulimiliki. Fundi wa mabango anaandika analolipiwa. Basi waulize walimu, kwa heshima, walisomea wapi na kwa muda gani. Hapa nchini njia hii ina mizizi ya miaka mingi, sehemu kubwa kupitia watawa wa Kikatoliki, na chuo cha walimu wa Montessori cha Lushoto kinajulikana na kila mtu wa kazi hii. Cheti hakitoshi, lakini mwalimu aliyesomea atakujibu kwa furaha, wala hataona umemdharau. Uliza na usajili wa shule pia, na lini mthibiti ubora, yaani mkaguzi wa shule, alipita mara ya mwisho. Hilo ni la dakika tano tu, ila lina maana siku ya kuhamisha mtoto.

Vifaa visikutishe wala visikulevye. Nimeona chumba kimejaa vifaa vya bei kubwa kutoka Ulaya, vyote vinang'aa, na ukivipitisha kidole unaona vumbi. Nimeona pia darasa lenye mnara uliochongwa na seremala wa mtaani, vizibo vya soda vya kuhesabia na herufi zilizokatwa kwenye msasa wa dukani, na watoto wake wanasoma. Kitu kimoja tu seremala asikosee: vipimo. Mnara wa waridi, ule wanaoujenga watoto wa njia hii, una vipande kumi vya mchemraba, kidogo kina sentimita moja kila upande na kikubwa kumi, kila kimoja kinamzidi mwenzake kwa sentimita moja ileile. Ukikata kwa kukisia, mnara utasimama, lakini jicho la mtoto halitapata somo lililokusudiwa.

Sasa asubuhi yako. Fika mapema, salimia, kaa kwenye kiti kifupi pembeni, usizungumze na watoto. Dakika ishirini za kwanza zitakuwa na kelele kidogo. Ngojea. Kufika saa tatu darasa zuri hutulia kwa namna ambayo hutaisahau: si ukimya wa watoto walioogopeshwa, ni mvumo wa watu walio kazini. Mmoja yuko mkekani na shanga, wawili wanahesabu kwa sauti ya chini, wa miaka mitano anamsaidia wa mitatu kufunga kifungo. Hapo ndipo umtazame mwalimu. Je, yuko chini, kwenye kimo cha watoto, au yuko mezani kwake na simu? Je, anamfuata mtoto mmoja, anamwalika, anakaa kando yake, anamwonyesha kitu kipya kwa mikono ya polepole na maneno machache, halafu anaondoka na kumwachia? Asubuhi moja, kwa watoto thelathini na wanne na walimu wawili, ningetaka kuona kila mwalimu akifanya hivyo mara sita au saba angalau. Mtazame pia anapomwona mtoto aliyezama kwenye kazi. Mwalimu mzuri anampita kimya. Asiyejua anasimama na kupiga makofi, "hongera sana!", na mtoto ananyanyua uso, anatabasamu, na kazi imekufia hapo. Nimefanya hivyo mara nyingi ujanani, kwa mapenzi mema kabisa.

Mtazame zaidi kwa yule mtoto anayezunguka. Kila darasa lina mmoja au wawili wanaotangatanga kutoka rafu hadi rafu, wanagusa hiki, wanaacha kile. Darasa linalomwacha huyo azunguke hadi saa tano eti "hajachagua bado" halina uhuru, lina mtoto aliyetupwa. Mwalimu anapaswa kumfikia ndani ya dakika chache, kumshika mkono na kumpa vitu viwili vya kuchagua: hiki au hiki.

Watoto wakitoka kwenda kula uji, mwombe mwalimu akuonyeshe daftari lake la kumbukumbu. Simaanishi azimio la kazi wala andalio la somo, hayo ni ya mthibiti ubora. Namaanisha pale anapoandika, kwa kila mtoto, tarehe, kitu alichoonyeshwa, alichokirudia mwenyewe, kilichomshinda na kitakachofuata. Hakuna vema za wino mwekundu katika njia hii, ni kweli, na mtoto wa miaka mitano hazihitaji. Lakini kutokuwa na alama kunamdai mwalimu kumbukumbu kubwa kuliko ya mwalimu wa alama. Mwambie: naomba nisome ukurasa wa mwanangu wa wiki tatu zilizopita.

Kuhusu herufi nikuzuie kidogo hapa, kwa kuwa ndiko hofu yako iliko, na ndiko Kiswahili kinatupa neema ambayo wengi hawaioni.

Mtoto wa jirani anaimba ei, bii, sii. Ni vizuri, kumbukumbu yake ni nzuri. Lakini wimbo huo haumfikishi kwenye neno "baba". Jaribu mwenyewe: bii, ei, bii, ei. Umepata baba? Mtoto anayejua kwamba umbo lile linasema "b" fupi na lile linasema "a" amebakiza hatua moja tu. Kiswahili kina irabu tano zisizobadilika sauti, na karibu kila herufi inasema kitu kilekile popote ilipo. Mtoto anayekisoma hahitaji miaka, anahitaji kuonyeshwa kwa mpangilio. Anapapasa herufi ya msasa kwa vidole viwili huku akitamka sauti yake. Mwalimu anamwambia "hii ni mmm", kisha "nionyeshe mmm", na mwisho, siku akiwa tayari, "hii ni nini?" Hatua hizo tatu zilitoka kwa Séguin, daktari Mfaransa wa karne ya 19 aliyewafundisha watoto waliokuwa wamekatiwa tamaa, na bado sijaona zilizozizidi.

Baada ya hapo huja sanduku la herufi za kupanga. Mtoto ambaye mkono wake bado hauwezi kuandika anatoa herufi za mbao na kupanga neno mkekani. Anaandika kabla ya kusoma. Ndivyo ilivyotokea San Lorenzo: mtoto mmoja wa miaka kama mitano alipewa chaki achore dohani iliyokuwa mbele yake, akaichora, halafu mara moja akaanza kuandika maneno sakafuni huku akipiga kelele kwamba anajua kuandika, na wenzake wakamzunguka wakiomba chaki.

Masanduku ya herufi yaliyotengenezwa kwa Kiingereza huwa hayatutoshi. Panga sentensi "mama anapaka rangi": umeshatumia a saba, na bado hujasema anapaka wapi. K nazo huisha upesi, na w. Mtoto anakwama katikati ya wazo lake kwa kukosa kipande cha mbao, na hilo ni jambo la kusikitisha kuliko linavyosikika. Sisi tulikuwa tunampelekea seremala mbao atuongezee a ishirini nyingine, na ch, sh, ny na ng' tuliziunganisha ziwe kipande kimoja kimoja. Ukiona kwenye sanduku la shule yenu a nyingi zenye rangi iliyopishana kidogo na herufi nyingine, furahi: darasa hilo linaandika Kiswahili kweli.

Kwa umri wa mwanao ningetarajia awe anajua sauti za herufi nyingi, apange maneno kama baba, kuku na meza, ashike penseli bila kuikaba, na ahesabu vitu, si namba tu, hadi kumi bila kusita na aanze kuingia kumi na kitu. Huyo mtoto wa jirani anayeandika hadi mia, mpe vizibo mchanganyiko na mwombe akupe kumi na saba. Pengine atakupa, na hapo mpongeze. Wengi hawawezi, kwa sababu walifundishwa kuchora namba.

Unaweza kujua mwanao amefika wapi leo hiihii jioni, bila kumtia hofu. Mkiwa jikoni sema: naona kitu kinachoanza na mmm. Atataja meza, maji, mafuta, mwiko. Usianze na k, maana kwa Kiswahili nusu ya vyombo vya jikoni ni ki: kijiko, kikombe, kisu, kibao. Mtoto atasikia "ki" nzima, si "k", na hajakosea. Kisha usimuulize tena "leo umefanya nini?" Mwambie "nionyeshe". Mpe maharage, mpe kipande cha chaki na sakafu, mwache akuonyeshe kwa mikono kile ambacho mdomo wake haujui kukieleza. Wazazi wengi wamenirudia na barua nyingine baada ya jioni ya namna hiyo, wamestaajabu.

Mama mkwe wako nenda naye shuleni. Nasema hivi kwa dhati. Anapouliza ada inanunua nini, anauliza swali halali, na shule inayomwona ni mtu asiyeelewa imemkosea adabu. Tena huenda akaielewa kazi hii haraka kuliko wewe. Muulize alijifunzaje kupeta mchele. Hakuna aliyempa daftari. Alikaa kando ya mtu mzima, akapewa ungo mdogo, akamwaga, akaokota, akarudia, na yule mtu mzima hakuwa mbali. Mwalimu Nyerere mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, aliwaonya watu wa kizazi cha bibi huyo dhidi ya shule inayomfanya mtoto aamini kwamba maarifa ya maana hutoka vitabuni na kwa wasomi tu. Yeye alikuwa akisemea mashamba na viwanda vya shule, ni kweli, lakini mkono wa mtoto ulikuwemo katika wazo hilo.

Darasa la kwanza litamtikisa, nisikufiche. Kutoka watoto thelathini na wanne mikekani hadi darasa lililojaa, dawati la kubanana, kengele, ubao na "kaa kimya", ni safari. Lakini mambo yanayomngoja pale ni ya kufundishika kwa wiki chache: kunakili toka ubaoni, kuandika ndani ya mistari, kunyoosha mkono, kumaliza kwa muda uliopangwa hata kama kazi hukuichagua. Shule ndogo nzuri huyafanya hayo na wakubwa wake kila Oktoba na Novemba, kama kazi nyingine ya rafuni. Ulizia. Wakikujibu kwamba hayo yanapingana na falsafa yao, jua wanaipenda falsafa kuliko mtoto. Twisheni ya jioni usimpeleke kwa sasa. Mtoto wa umri huo jioni anahitaji kula, kuoga, hadithi na kulala.

Basi nenda kabla mwezi huu haujaisha. Ukikuta ukurasa wa mwanao una tarehe na vitu vinavyosonga, kumimina Februari, herufi za msasa Aprili, sanduku la herufi Julai, mwache amalizie hapo kwa moyo mweupe. Ukikuta umekoma kwenye maji na mnara, mwambie mwalimu waziwazi, bila ugomvi, mbele ya mkuu wa shule: nataka aalikwe kwenye herufi na hesabu kila siku, na baada ya wiki sita nitarudi kusoma ukurasa huu. Walimu wengi wakiambiwa hivyo hubadilika, mimi nilibadilika kwa kuambiwa kidogo kuliko hapo. Wiki sita zikiisha ukurasa ukiwa vilevile, mhamishe mwezi Oktoba, kabla foleni za uandikishaji hazijajaa, apate miezi ya kuzoea.

Na Jumapili bibi yake akija kula, mpe mwanao birika na beseni awanawishe watu wote mezani, aanze na bibi. Mwombe mama mkwe wako, maji yakishuka, atazame kile kifundo cha mkono.